Mkeo na ukomo wa hedhi: maswali ambayo wanaume huuliza kwa sauti ya chini

Maswali haya nimeyaokota kijiweni, kwenye benchi la kinyozi, na kwenye simu za marafiki wanaoanza kwa "kuna jamaa yangu mmoja ana shida". Mengine yalikuwa yangu. Mke wangu alianza kubadilika akiwa na miaka 46, na mimi nikapoteza karibu miaka miwili nikiamini ananisusia. Mimi si daktari. Ya kitabibu nimeyaandika kama tulivyoelezwa na wauguzi na madaktari tuliokaa mbele yao, wote wawili, baada ya hiyo miaka miwili.

Ukomo wa hedhi ni nini hasa?

Ni pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au sindano ya uzazi wa mpango. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Mayai kwenye ovari yamebaki machache mno, na homoni ya estrojeni iliyokuwa ikitoka huko inashuka. Sasa, estrojeni haikuwa na kazi ya uzazi tu. Inagusa ubongo, mifupa, moyo, ngozi, kibofu na usingizi. Ndiyo maana leo analalamikia magoti, kesho moyo unamwenda mbio, keshokutwa ngozi inamwasha, nawe unadhani anatunga.

Lakini bado anaona siku zake. Inakuwaje?

Kabla ya siku kukatika kabisa kuna kipindi cha mpito, kwa kawaida miaka kama 4, kwa wengine zaidi. Homoni katika kipindi hiki hazishuki taratibu. Zinapanda na kuporomoka. Hedhi inaweza kuja mara mbili mwezi mmoja, ikapotea miezi mitatu, ikarudi kwa kishindo. Kwa wanawake wengi dalili kali zaidi ziko hapa, wakati ambapo hakuna anayefikiria ukomo, hata yeye mwenyewe.

Ukisikia pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, au anatoa mabonge ya damu, au anapata kizunguzungu akisimama, msikae nyumbani mkisema ni umri. Huenda kuna uvimbe kwenye kizazi, na huenda damu mwilini imeshapungua. Vyote viwili vinapimika.

Usiku anawaka moto, analowa jasho, halafu anatetemeka. Ni malaria?

Inaweza kuwa. Ndiyo sababu anapimwa kwanza. Lakini wanawake wangapi wa mtaani kwetu wamemeza mseto mara tatu kwa mwaka bila kipimo kusoma chochote? Mke wangu ni mmoja wao. Kila "homa" ilikuwa saa tisa usiku, na kufika saa kumi na mbili asubuhi yuko jikoni anakoroga uji.

Kinachotokea ni hiki. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili imekuwa nyepesi kushtuka kwa sababu estrojeni imepungua. Joto likibadilika kidogo tu, ubongo unadhani mwili unaungua: unafungua mishipa ya damu kwenye ngozi na kumwaga jasho. Uso na kifua vinawaka, moyo unadunda, na baada ya dakika chache anabaki na nguo mbichi na baridi. Kipima joto kinasaidia kutofautisha: malaria humpa homa ya kweli, huku hili likimfanya ahisi anaungua ilhali kipimo hakionyeshi homa. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kupungua uzito, apimwe kifua kikuu. Hilo halina mjadala.

Kuna usiku mmoja wa Februari umeme ulikuwa umekatika. Nilipozinduka nikamkuta amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani kwa sababu saruji ni ya baridi, khanga imemganda mwilini kama katoka kuoga nayo. Nilimwambia nini? "Njoo ulale, unanikatisha usingizi." Nikageukia upande wa pili. Sentensi ile nimeshaiomba msamaha, na bado sijaisahau.

Basi nifanye nini usiku, kwa vitendo?

Feni igeuzwe upande wake, na wewe ukiona baridi jifunike. Kila mmoja awe na shuka lake. Shuka moja la watu wawili ni ugomvi wa kila usiku. Nguo ya pamba nyepesi, khanga ya akiba karibu na mto, chupa ya maji. Chai ya moto sana usiku, pilipili na pombe huchochea joto kwa baadhi yao, lakini mwachie yeye agundue kinachomchokoza. Usigeuke askari wa kikombe chake. Na ukiamka naye, huna haja ya kusema kitu. Mpe maji, mpepee kidogo, lala.

Amekuwa mkali. Jambo dogo tu, nyumba inawaka.

Fikiria mtu ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi sita, halafu anaamka saa kumi na moja kuandaa watoto, anakwenda kibaruani, anarudi kupika. Hapo hujaongeza homoni. Mporomoko wa estrojeni unagusa hata kemikali za ubongo zinazotuliza hisia, kwa hiyo hasira, wasiwasi na machozi vinakuja bila hodi. Yeye mwenyewe huwa anashangaa.

Wakati huohuo, usilitumie hili kufuta kila lalamiko lake. Akikwambia umechelewa kurudi na hukupiga simu, jibu la "hizo ni homoni zako" ni tusi. Umechelewa kweli. Nilijifunza kujiuliza kwanza kama anachosema kina ukweli, na mara nyingi, kwa bahati mbaya yangu, kilikuwa nao.

Ila akikaa wiki mbili na zaidi hana raha na chochote, hali vizuri, anajiona hana thamani, au anasema afadhali afe, hiyo ni sonona na inahitaji tiba. Kumwambia "omba Mungu" peke yake hakutoshi. Omba, na mpeleke.

Anasahau. Ameweka simu kwenye friji.

Wangu aliweka funguo kwenye ndoo ya unga, tukawatafuta wezi. Kusahau maneno katikati ya sentensi, kuingia chumbani na kusimama bila kukumbuka amefuata nini, ni jambo la kawaida katika mpito na kwa wengi hutulia baadaye. Usimcheke mbele ya watoto. Akianza kupotea njia ya nyumbani kwake, hilo ni jambo jingine, muone daktari.

Hataki tendo la ndoa. Ana mtu mwingine?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote watu huyauliza wakilizunguka hili.

Estrojeni ikishuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu, na haivutiki kama zamani. Tendo linauma. Wengine wanaelezea kama kuchanwa, na anaweza kutoka damu kidogo. Kibofu nacho kinaathirika: mkojo unachoma, anakwenda haja mara kwa mara, anapata maambukizi ya njia ya mkojo yanayorudi. Sasa mwanamke ambaye mara tatu za mwisho ameumia, ukimgusa bega tu usiku mwili wake unakaza. Wewe unasoma: hanipendi. Yeye anawaza: ataanza tena, nitaumia tena, nikikataa atanuna. Hakuna mtu wa tatu chumbani humo.

Na wengi hawasemi. Mwanamke aliyefundishwa unyago kwamba mume hanyimwi atavumilia maumivu miaka mizima akitazama dari. Kwa hiyo wewe ndiye uulize, na usiulize kitandani. Uliza mchana, mkiwa mnatembea au mnachambua mchele: "Huwa unaumia?" Maneno mawili. Nilipouliza, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilidhani unajua."

Tiba ipo, na nyingine ni rahisi. Kilainishi cha maji kutoka duka la dawa hutumika wakati wa tendo. Mafuta ya nazi baadhi ya watu wanayapenda, lakini mafuta ya aina yoyote huharibu kondomu za mpira, kwa hiyo kama mnatumia kondomu achaneni na mafuta. Krimu au vidonge vya estrojeni vinavyowekwa ukeni hutibu ukavu wenyewe na matatizo ya mkojo. Dozi ni ndogo na kazi yake kubwa iko palepale. Daktari ndiye anayeandika. Sabuni, manukato na shabu za kubana vikae mbali kabisa, maana vinakausha na kuchubua pale ambapo tayari pamechubuka.

Hamu nayo inaweza kushuka hata bila maumivu. Muda mrefu zaidi wa kuandaliwa husaidia. Kupumzika husaidia. Mume aliyeosha vyombo jioni, niamini, husaidia. Na kuna siku mtakumbatiana tu na mtalala, na hiyo nayo ni ndoa.

Anaweza bado kushika mimba?

Ndiyo, mpaka ithibitike. Katika mpito yai linaweza kutoka mwezi wowote bila taarifa. Ushauri unaotolewa ni kuendelea na uzazi wa mpango mwaka 1 tangu hedhi ya mwisho kama ana miaka zaidi ya 50, na miaka 2 kama hajafika 50. Akiwa kwenye sindano, kipandikizi au kitanzi chenye homoni, kutoona siku hakumaanishi chochote, kwa sababu njia hizo zenyewe zinaweza kuzikata. Waulize kliniki.

Kondomu ni suala tofauti. Magonjwa ya zinaa hayaulizi umri, na uke mkavu huchubuka kirahisi zaidi.

Dawa za homoni zinaleta saratani, sivyo?

Hofu hii ina mwaka wake wa kuzaliwa: 2002. Mwaka huo utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wanawake waliomeza vidonge vya estrojeni na projestini (homoni ya pili, jamii ya projesteroni) walionekana kupata saratani ya matiti zaidi ya wenzao. Habari ikazunguka dunia, na madaktari wengi wakaacha kuandika dawa hizo. Kilichokuwa hakisemwi sana ni ukubwa wenyewe: kama wanawake 8 zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao walishapita ukomo miaka mingi.

Uchambuzi uliofuata ulibadilisha ushauri. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu ukomo, na dalili zinamtesa, faida za homoni kwa kawaida huzidi hatari. Ndiyo tiba inayofanya kazi vizuri kuliko zote kwa joto la ghafla, na inalinda mifupa. Mwenye kizazi chake lazima apewe pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya ukuta wa kizazi. Zile za kubandika au kupaka kwenye ngozi hazibebi hatari ya damu kuganda kama vidonge.

Hazimfai kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu ambayo haijajulikana chanzo, kwa kawaida hapewi. Kwao kuna dawa zisizo za homoni. Baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo hupunguza joto hata kwa mtu asiye na sonona. Usitarajie kukuta haya yote kila duka la dawa. Mjini kwetu tulizunguka maduka matano, na la tano wakatuambia turudi Jumanne.

Uamuzi ni wake. Wewe kazi yako ni kukaa naye pale, kusikia, na kukumbuka swali alilolisahau.

Je, dawa za asili na zile za kwenye simu?

Kuna unga, kuna matone, kuna "kurudisha homoni ndani ya siku 7". Soya na vyakula vya jamii ya kunde vina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, na wengine huona nafuu ndogo. Ni chakula, ale. Lakini chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, inayouzwa na mtu asiyejua kama mkeo ana presha au anameza dawa za kisukari, hiyo fedha nunulieni samaki.

Siku zimekatika mwaka mzima, sasa damu imerudi.

Hospitali. Wiki hii, hata kama ni tone. Mara nyingi chanzo si kibaya, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na zikiwahiwa hutibika. Wapo wanawake wanaofurahi kwamba "ujana umerudi", na waume wanaofurahi nao. Usiwe huyo.

Ametolewa kizazi. Ndiyo ameingia ukomo?

Inategemea walichotoa. Kizazi kikitoka na ovari zikabaki, hedhi inakoma lakini homoni zinaendelea, ingawa ukomo unaweza kuwahi kidogo. Ovari zote mbili zikitolewa, ukomo unakuja ndani ya siku chache, na dalili huwa kali kwa sababu hakukuwa na mpito. Soma karatasi ya kuruhusiwa, au uliza kabla hamjatoka wodini.

Ana miaka 38 na siku zimekatika.

Chini ya miaka 40 si kawaida na lazima achunguzwe. Kwanza kipimo cha mimba, ndiyo, hata kama mnacheka. Kisha homoni, na tezi ya shingo pia. Ikithibitika ovari zimeacha kazi mapema, kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni mpaka karibu umri wa kawaida wa ukomo, kwa ajili ya mifupa na moyo. Na kama mlikuwa bado mnatafuta mtoto, jueni kuna msiba ndani ya habari hiyo. Ndugu wataanza kuhesabu. Wewe ndiye mlango wa nyumba yako.

Marafiki wananiambia huu ndio wakati wa kuongeza mke mdogo.

Nimekaa kwenye vijiwe hivyo. Jamaa anasema "mama watoto amestaafu", watu wanacheka, mwingine anataja binti wa miaka 25. Sitaingia kwenye dini ya mtu wala ruhusa aliyonayo. Ninachojua ni kwamba wengi wa wanaosema hivyo hawajawahi kuuliza lile swali la maneno mawili, wala hawajanunua kilainishi cha bei ya vocha. Anakimbia tatizo ambalo hajalitazama. Na huyo wa miaka 25, Mungu akipenda, atafika 47, wewe ukiwa na sabini na kitu unaomba upepewe.

Nyumba ina watoto wakubwa na mama yangu. Nawaambia nini?

Kwanza muulize yeye anataka nani ajue. Wengine wanaona haya, wengine hawajali. Mimi niliruhusiwa kusema sentensi moja kwa watoto: "Mama yenu halali vizuri kipindi hiki, kelele za usiku zipungue, na vyombo mnaosha nyie." Ilitosha. Kwa mama yangu sikuhitaji kusema. Siku moja alimtazama mkwewe akijipepea na mfuniko wa sufuria, akacheka, akamwambia, "Hata mimi, mwanangu. Nilikuwa nalala uani." Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini mama alikuwa analala uani.

Mifupa, moyo, uzito: kuna la kufanya?

Lipo, na ni bora mfanye pamoja. Miaka michache ya kwanza baada ya ukomo mifupa hupungua kwa kasi, na presha na lehemu (mafuta kwenye damu) huanza kupanda. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani. Kutembea kwa haraka, na kubeba kitu kizito kidogo, maana msuli ukivuta mfupa ndipo mfupa unapoimarika. Presha na sukari zipimwe. Uchunguzi wa mlango wa kizazi hufanyika kwenye vituo vingi vya serikali, nao uendelee. Sisi tunatembea jioni mpaka stendi na kurudi. Mwanzoni alikuwa akinisubiri mimi, pumzi zimekata.

Na wanaume, hatuna yetu?

Testosteroni, homoni ya kiume, hupungua polepole mwaka hadi mwaka, haikatiki kama kwao. Ukianza kushindwa kusimamisha, usiiite ukomo wa wanaume. Kapime sukari na presha. Mara nyingi mishipa ya damu ndiyo inayotoa taarifa mapema.

Itaisha lini?

Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wanawake wanaopata joto mara kwa mara, hali hiyo kwa kawaida hudumu miaka 7 na kidogo, na kwa wanawake weusi katika kundi hilo ilipita 10. Wengine hupata kwa mwaka mmoja, wengine hawapati kabisa. Joto na hasira hupungua zenyewe. Ukavu haupungui bila tiba, kwa hiyo hapo msisubiri.

Wangu sasa ana miaka 53. Analala. Mwezi wa saba uliopita aliniomba nizime feni, anaona baridi. Nikaizima, yeye akasinzia, mimi nikabaki macho mpaka alfajiri: nimeshazoea ule upepo.